Mwenda Jean-Bosco: gitaa la Likasi lisilohitaji umeme, na ampli inayofaa kulisikiliza

LIKASI – Kituo cha umeme cha Koni, kwenye mto Lufira, kilianza kazi mwaka wa 1950. Kilijengwa chini kidogo ya kile cha Mwadingusha, ambacho kilikuwa kimetangulia kwa miaka 20, na kazi yake ilikuwa kulisha viwanda vya shaba vya kompani ya Union Minière. Miaka miwili baadaye, huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, kijana wa miaka 22 hivi alikaa na gitaa la mbao lisilo na waya hata mmoja, akapiga wimbo unaoitwa Masanga. Wimbo huo ulifika Nairobi, London na Marekani.

Kijana huyo aliitwa Mwenda Jean-Bosco. Amekufa tangu mwaka wa 1990, na anayetaka kumsikia leo nyumbani kwake hana budi kuwa na umeme, bafle mbili na ampli. Hapo ndipo wengi wanampoteza bila kujua. Ampli iliyochaguliwa vibaya inafuta nusu ya kazi yake, na mtoto anayemsikia mara ya kwanza kwenye mashine ya namna hiyo hataelewa kwa nini wazee wanamsifu.

Mtoto wa Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930 Bunkeya, mji wa Mwami Msiri. Bayeke walitoka upande wa magharibi wa Tanganyika katika karne ya 19, wakifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu, na Msiri akajenga hapo utawala ulioogopwa mbali. Aliuawa kwa risasi mwezi wa Desemba 1891, wakati wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Jina Mwenda ni la heshima katika ukoo huo mpaka leo, na watawala wa Bayeke wanalibeba.

Lakini muziki wa kijana huyu haukutoka kwenye ngoma za kifalme peke yake. Ulikomaa katika miji ya migodi. Kompani ilikuwa imekusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Angola, Rhodesia na Nyasaland, ikawapanga kwenye makambi, na watu hao wakajikuta wakiongea Kiswahili ili kuelewana. Gitaa liliingia katika makambi hayo kwa njia ileile. Lilikuwa rahisi kubeba, lilipigwa na mtu mmoja, na mwenye nalo alikaribishwa popote palipokuwa na pombe na wageni.

Vidole viwili, watu watatu

Wapiga gitaa wengi wanajua kupiga nyuzi zote pamoja ili kusindikiza sauti. Mwenda alifanya kazi nyingine. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene za chini na kushika mwendo. Kidole cha shahada kilijibu juu, kwenye nyuzi nyembamba, kwa sauti fupifupi zilizoingia katikati ya hatua za gumba. Sauti yake ya kuimba ikapita juu ya vyote viwili. Msikilizaji ambaye hamwoni anaweza kudhani wako watu watatu.

Katika mchezo huo hakuna pigo la ziada. Gumba likipotea, wimbo unabaki bila miguu. Kidole cha shahada kikifunikwa, mazungumzo yote yanakufa, na kinachobaki ni mtu anayeimba huku akigonga uzi mmoja.

Siku ya Hugh Tracey

Mwaka wa 1952 mtafiti Hugh Tracey alifika Jadotville. Alikuwa Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika tangu ujana wake, na alizunguka na gari lenye vyombo vya kurekodi, akikusanya muziki wa vijijini na wa mijini. Kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme, alitembea na jenereta yake mwenyewe, akaiweka mbali na wanamuziki ili ngurumo yake isiingie kwenye rekodi. Mara nyingi alishika maikrofoni kwa mkono, akaisogeza kuelekea sauti aliyotaka isikike zaidi.

Alimrekodi Mwenda nyimbo kadhaa, kati yake Masanga na Bombalaka. Zilitoka kwenye santuri za Gallotone, za kuzunguka mara 78 kwa dakika, ambazo kila upande unachukua kama dakika 3 tu. Masanga ilipewa zawadi ya Osborn, iliyotolewa kwa rekodi bora ya muziki wa Afrika.

Watu wa wakati huo hawakuwa na ampli ya kuchagua. Wengi walisikiliza kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Sindano ilikwaruza santuri, na sauti ikatoka kwenye tarumbeta au kwenye kisanduku. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini katikati ya mikwaruzo hiyo gumba na kidole cha shahada vilisikika. Ndiyo sababu vijana wa mbali waliweza kujifunza mtindo wake bila kumwona, kwa kurudia santuri ileile mpaka ikachakaa.

Kutoka Nairobi mpaka Newport

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi na kukaa huko kwa muda. Alisikika redioni, na sauti yake ilitumika kutangaza vidonge vya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa wa Katanga, alijulikana huko pia. Wakenya waliuita muziki wa namna hiyo gitaa kavu, yaani gitaa lisilo na umeme, na kizazi kizima cha wapiga gitaa wao kilipitia kwa watu hawa wawili kabla ya kupata njia yake.

Wataalamu nao walimfuata. David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu huko London, alichapisha mwaka wa 1961 na 1962 uchunguzi wa namna Mwenda alivyobadilisha wimbo wake kila mara alipoupiga, akiuandika pigo kwa pigo. Mwezi wa Julai 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, mahali ambapo miaka 4 mbele Bob Dylan alikuwa amewakasirisha baadhi ya mashabiki wake kwa kuleta gitaa la umeme.

Mabishano hayo ya Newport yalikuwa yamekwisha kuamuliwa nyumbani Kongo. Kinshasa ilikuwa na African Jazz tangu mwaka wa 1953 na OK Jazz tangu 1956. Franco na Docteur Nico walipiga gitaa zilizounganishwa na ampli, mbele ya tarumbeta na ngoma, katika mabaa yaliyojaa wachezaji. Gitaa la mtu mmoja halikuweza kushindana na makelele hayo. Soko likahamia kwenye bendi, na mtindo wa Mwenda ukaanza kuhesabiwa kuwa wa zamani wakati mwenyewe hajafika hata miaka 40.

Katanga ikaitwa Shaba mwaka wa 1971. Siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye uhalisi ikaondoa majina ya Kikristo, na Jean-Bosco akajulikana kama Mwenda wa Bayeke. Katika miaka ya 1980 alipiga Ulaya, na mwaka wa 1988 alirekodi Cape Town, Afrika Kusini, katika studio ya kisasa. Mwezi wa Septemba 1990 alikufa katika ajali ya gari huko Zambia, akiwa na umri wa miaka 60.

Ampli ya kumsikiliza

Rekodi zake zimetolewa tena kwenye CD, na nyingine zinapatikana kwenye simu. Kinachobaki ni mashine ya kuzipigia. Maisha ya Mwenda yenyewe yanaonyesha nini cha kuangalia kwa mtu anayetaka ampli ya nyumbani, ile ya kipande kimoja inayopokea sauti, kuikuza na kuisukuma mpaka kwenye bafle.

Jambo la kwanza ni kimya. Uzi mnene kabisa wa gitaa, ukipigwa wazi, unatikisika mara 82 kwa sekunde, na unaofuata mara 110. Umeme wetu wa Kongo unatikisika mara 50 kwa sekunde, na ngurumo inayovuja ndani ya ampli mbaya inasikika hasa kwenye 50 na 100. Ngurumo hiyo inakaa palepale gumba la Mwenda linapotembea. Tracey aliweka jenereta mbali kwa sababu hiyo, na mwenye kununua ampli mbovu anairudisha jenereta katikati ya chumba. Jaribio lake ni rahisi. Kabla ya kulipa, ampli iwashwe bila muziki wowote, kitufe cha sauti kipandishwe mpaka katikati, na mnunuzi aweke sikio karibu na bafle. Ikiwa inanguruma, aiache dukani.

La pili ni watt. Maboksi mengi yanaandikwa hesabu kubwa za kushangaza, lakini nyingi kati ya hizo ni nguvu ya kupasuka kwa nukta moja. Hesabu ya kuuliza ni ile ya RMS, nguvu ambayo ampli inaweza kuitoa mfululizo. Kuongeza watt mara mbili, kutoka 20 mpaka 40, kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ndogo. Kwa gitaa moja na sauti moja katika sebule ya kawaida, ampli ya watt 20 au 30 za kweli kila upande inatosha na kubaki.

La tatu ni besi. Ampli nyingi zinazouzwa kwa ajili ya sherehe zina kitufe cha kuongeza besi, na wauzaji wanakibonyeza kabla mnunuzi hajafika mlangoni. Kwa muziki wa bendi kinaweza kufurahisha. Kwa Masanga kinafanya gumba livimbe na kumeza kidole cha shahada. Afadhali ampli ambayo vitufe vyake vya besi na sauti nyembamba vinaweza kuwekwa katikati, au kuondolewa kabisa njiani.

La nne ni mlango wa santuri, kwa wale ambao wazazi wao waliwaachia mashine na sahani zake. Sindano ya kawaida inatoa umeme mdogo sana, kama milivolti 5, wakati CD inatoa karibu volti 2. Ampli isiyo na mlango wa Phono haitaweza kuisikilizisha. Tena, santuri ya 78 ina mfereji mpana kuliko ule wa LP, kwa hiyo inahitaji sindano yake yenyewe. Sindano ya LP inazama chini ya mfereji huo na kukusanya mikwaruzo.

La tano linahusu neno stereo. Rekodi za 1952 ni za mono, maana LP za stereo zilianza kuuzwa mwaka wa 1958 hivi. Bafle zote mbili zinatoa kitu kilekile, na ikiwa pande mbili za ampli zinalingana, Mwenda anasikika amekaa katikati, mahali pasipo na bafle. Akielemea upande mmoja, basi ampli ina kasoro, au kitufe cha kulinganisha kimesogea. Kitufe cha mono ni cha faida kwa santuri, kwa sababu kinafuta sehemu ya makelele ya sindano.

Kabla ya hayo yote, mnunuzi aangalie nyuma ya ampli kama imeandikwa volti 220, na kama namba za ohm za bafle zake, 4 au 8, zinakubaliwa. Mahali ambapo umeme unashuka na kupanda, stabilizateri inunuliwe siku moja na ampli. Umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika, mashine isiyo na kinga ndiyo inayoungua kwanza, kwa hiyo ni vizuri kuichomoa kila unapokatika.

Jaribio la dakika 3

Anayekwenda dukani anaweza kubeba Masanga kwenye simu au kwenye CD na kuomba ipigwe bila besi ya ziada, kwa sauti ya mtu anayeongea. Asikilize gumba peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Arudie, na mara hii afuate kidole cha shahada. Mara ya tatu afuate vyote viwili kwa pamoja, na kila pigo linapaswa kusikika.

Ampli inayopita mara zote tatu itafaa pia kwa Franco, kwa nyimbo za kanisa na kwa habari za redio. Ile inayoshindwa, hata ikiwa na taa nyingi na bei kubwa, itamnyamazisha Mwenda ndani ya nyumba za Likasi, mji ambako alirekodiwa.