Mchoraji wa Mimea Aliyefunikwa na Simba

Anayeteremka kutoka Maua kuelekea Mbuga ya Taifa ya Meru aghalabu husimuliwa habari za Joy Adamson na simba jike Elsa. Ni wachache wanaofahamu kwamba, kabla ya simba huyo, mama huyu alikuwa mchoraji hodari wa mimea.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 mjini Troppau, ambao leo huitwa Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Aliwasili Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Ni Bally aliyempa jina la Joy, kwani jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike, na ndiye aliyemhimiza kuchora mimea ya porini. Michoro hiyo ilifikia mamia, na mwaka 1947 ikamletea nishani ya dhahabu ya Grenfell kutoka Uingereza. Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi. Kisha, mwaka 1956, akaja Elsa, mtoto yatima wa simba. Kitabu alichomwandikia mwaka 1960 kilienea duniani kote, nayo michoro ya mimea ikasahauliwa.

Hasara hiyo si ndogo. Tuchukue mfano wa okidi za milimani, zipendazo baridi na ukungu. Huota juu ya matawi ya miti bila kuinyonya. Mizizi yake hufyonza maji ya mvua na ukungu. Aerangis thomsonii, okidi ya misitu yetu ya nyanda za juu, huchanua maua meupe yenye mkia mrefu uliojaa mbochi, yakawavuta nondo usiku. Mti ukikatwa, okidi nayo huangamia, na asiyeijua hataona kilichopotea.

Joy Adamson aliuawa huko Shaba tarehe 3 Januari 1980, na majivu yake yakatawanywa katika Mbuga ya Meru. Mwalimu wa Maua anaweza kumuenzi kwa penseli na karatasi tu: awapeleke wanafunzi wake ukingoni mwa msitu wa Nyambene, wachore mmea mmoja bila kuung'oa, kisha wawaulize wazee jina lake la Kimeru na kuliandika. Kisicho na jina hakina mtetezi.