Maisha ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, nami nakaa Kinindo, upande wa kusini wa mji wetu wa Bujumbura. Jioni huwasomea watoto wa jirani vitabu vya Kiswahili. Majuzi tulimaliza mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, alioutunga Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ukapigwa chapa mwaka 1969. Nilipofunga kitabu, kijana mmoja aliniuliza kama mtu yule alikuwa mwongo. Sikuweza kumjibu siku ile. Basi nimeona vema niwasimulie maisha yake, na jibu langu nilitoe mwisho.

Kinjikitile Ngwale alikaa Ngarambe, karibu na mto Rufiji, wakati nchi ile ilipotawaliwa na Wajerumani. Burundi yetu nayo ilikuwa katika koloni lile lile, maana Mwezi Gisabo alilazimishwa kukubali amri yao huko Kiganda mwaka 1903. Tangu mwaka 1902 watu wa kusini walilimishwa pamba katika mashamba ya serikali kwa ujira usiotosha kitu. Mashamba yao wenyewe yakaota magugu. Aliyekosa kazini alichapwa kiboko, na kodi alidaiwa vile vile.

Mwaka 1904 Kinjikitile alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Wazee walisimulia ya kuwa alizama katika kilindi cha maji, jamaa zake wakamlia, na kesho yake akatoka yu hai na nguo zake kavu. Tangu hapo akawagawia watu dawa ya maji, akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Habari zikaenea kwa mnong'ono toka kijiji hata kijiji. Watu wa makabila mbalimbali wakamiminika Ngarambe, makundi kwa makundi.

Aliwaagiza wangoje amri yake, lakini Wamatumbi walichoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba huko Nandete, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Vita vilikuwa na siku chache tu, wala hakuuona mwisho wake.

Mwisho huo ulikuwa wa huzuni. Maji hayakuzuia risasi za bombomu. Wajerumani walichoma vijiji na ghala za chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Vita vilipokwisha mwaka 1907, waliokufa walikadiriwa kuwa 75,000, na wanahistoria wengine hutaja hata 300,000.

Watawala walimwandika kuwa mganga mdanganyifu, basi. Ebrahim Hussein alimpa moyo wa mtu: mwenye shaka, anayeona neno lake limekuwa kubwa kumshinda yeye mwenyewe. Katika mchezo, akiwa kifungoni, anatakiwa ayakane maji. Anakataa, kwa kuwa akiyakana, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigania nchi yao. Mwandishi mwenyewe alionya kuwa mtu huyu wa mchezo si yule hasa wa historia.

Sasa namjibu kijana wangu. Ahadi ya maji haikuwa kweli, na maelfu walikufa kwa kuiamini. Jambo hilo tusilifiche. Lakini pamba na kiboko vilikuwa kweli, na watu waliokuwa mbalimbali walisimama pamoja kweli. Kama Kinjikitile aliiamini dawa yake mpaka dakika ya mwisho, hakuna karatasi ya serikali iwezayo kutuambia. Ndiyo sababu mtunzi alihitajiwa.

Nanyi wanafunzi, nina ombi moja. Mmoja wenu akusanye masimulizi juu ya Mwezi Gisabo na siku ile ya Kiganda, atunge mchezo kwa Kiswahili. Akiuleta Kinindo, tutausoma jioni pamoja na watoto.