Bibi Titi: Kutoka ngoma ya lelemama hadi Umoja wa Wanawake

BIBI Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alisoma shule kwa miaka minne tu. Hata hivyo, ni vigumu kuandika historia ya vyama vya wanawake nchini bila kuanza na jina lake.

Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Vikundi vya lelemama vya mjini vilikuwa na viongozi wao, sare zao na michango yao, na viliwakusanya wanawake bila kuuliza kabila. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na klabu zake za wanawake, zilizofundisha kushona, kupika na kulea watoto, na tangu mwaka 1951 lilikuwapo Baraza la Wanawake wa Tanganyika, lililoongozwa zaidi na wake wa maofisa wa Kizungu. Wanawake wa lelemama hawakuwa na nafasi kubwa huko.

Bibi Titi alijiunga na TANU mwaka 1954 na kupewa kadi namba 16. Mwaka uliofuata alikabidhiwa uongozi wa kitengo cha wanawake. Hakwenda kutafuta wasomi, ambao kwa kweli walikuwa wachache na wengi wao waliogopa kupoteza ajira serikalini. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, nao wakawaleta wenzao. Hadi Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamechukua kadi, hesabu ambayo wanaume wa chama hicho hawakuitarajia.

Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Umoja huo ulikusudiwa kuziunganisha jumuiya za wanawake chini ya chama, kutoka Pwani hadi wilaya za mbali kama North Mara, ambako leo ni Tarime na Rorya.

Mambo yaligeuka upesi. Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, yeye aliyekuwa na nyumba za kupangisha hakukubaliana nalo, akajiuzulu uongozi. Desemba 9 mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Bibi Titi Mohamed. Wakati ule hakuna aliyefikiria kuipa jina hilo.

Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wanawake waliokuwa wakihimizwa kujifunza kusoma na kuandika walisikia habari za kesi ya mwenyekiti wao wa zamani. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Aliachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972, akaishi kimya kwa karibu miaka 20, jina lake likitajwa kwa nadra katika simulizi za Uhuru.

Kimya hicho kilivunjwa mwaka 1991, Uhuru ulipotimiza miaka 30, alipotajwa tena hadharani kuwa miongoni mwa mashujaa wake. Alifariki dunia Novemba 5, 2000, mjini Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa amepelekwa kwa matibabu.