Christy Mathewson, mutupaji aliyetegemewa siku za finali

Kule Marekani wapenzi wa besiboli hawachoki kubishana: ni mutupaji gani alikuwa mukali zaidi wakati mambo yamekaza? Wengine wanataja Bob Gibson wa Saint Louis, wengine Sandy Koufax wa Los Angeles. Wenye kujua historia ya zamani wanarudi kwa Christy Mathewson, na wako na sababu.

Katika muchezo ule mutupaji anarusha mupira mudogo, mugumu, na mupinzani mwenye fimbo anajaribu kuupiga mbali ili apate wakati wa kukimbia kuzunguka kiwanja. Akizunguka mpaka mwisho, ni pointi. Mutupaji akitetemeka, ekipe yote inaumia.

Mathewson alizaliwa mwezi wa nane 1880 huko Factoryville, Pennsylvania. Alisoma chuo kikuu cha Bucknell, jambo la nadra kwa wachezaji wa wakati ule, ambao wengi walijulikana kwa pombe na fujo. Yeye hakucheza siku ya yenga. Kunako 1900 akaingia New York Giants, na kisha miaka mbili akaja mwalimu John McGraw, aliyemutegemea kuliko wote.

Finali ya 1905 njo iliyomupa jina. Ilikuwa mechi nyingi, kama desturi yao. Mathewson alitupa tarehe 9, tarehe 12 na tarehe 14 mwezi wa kumi, mechi tatu nzima ndani ya siku sita, na Philadelphia hawakupata hata pointi moja juu yake. Giants wakabeba kombe.

Lakini mubishano haukuishia pale, sababu ya 1912. Mechi ya mwisho, huko Boston, Giants wako mbele 2 kwa 1 katika muda wa kuongeza. Fred Snodgrass akaachilia mupira mwepesi kabisa uliomufikia mukononi. Kisha mupira mwingine ukapanda juu karibu na wachezaji watatu, Mathewson mwenyewe akiwa kati yao, ukaanguka chini bila mutu kuushika. Na inasemekana ni yeye aliyemuita mwenzake asiyefaa. Boston wakashinda 3 kwa 2. Magazeti yalimubebesha Snodgrass muzigo peke yake, na hiyo haikuwa haki. Hata hivyo, katika mechi zake tatu za finali ile Mathewson alitupa vizuri sana, na hakushinda hata moja. Wenye kuhesabu ushindi tu wanamushusha cheo kwa ajili hiyo, kama vile mutupaji anaweza pia kudaka mipira ya wenzake.

Mwaka wa 1918 aliingia jeshi, akatumwa Ufaransa, na kule akavuta gazi ya sumu kwenye mazoezi. Aliporudi, mapafu yakamusumbua, na kisha ikaonekana ni kifua kikuu. Alitibiwa muda murefu huko Saranac Lake, mahali pa milima na hewa baridi; dawa ya kuua ugonjwa ule ilikuwa haijapatikana bado. Alipopata nafuu kidogo, 1923, akakubali kuongoza ekipe moja ya Boston, ijapokuwa hakuwa amepona.

Alikufa Saranac Lake tarehe 7 mwezi wa kumi 1925, akiwa na miaka 45, siku ileile finali ya mwaka ilipofunguliwa huko Pittsburgh. Kesho yake wachezaji wa ekipe zote mbili waliingia kiwanjani na kitambaa cheusi mukononi.