Edison alivyohangaika na betri ya gari la umeme

THOMAS Alva Edison anafahamika na wengi kwa balbu. Mwanafunzi wa Litein au Sotik atamtaja bila kusita akiulizwa ni nani aliyetuletea taa ya umeme, ingawa wapo waliojaribu kabla yake, naye akafaulu mwaka 1879 kuunda balbu iliyodumu. Kazi iliyomsumbua kwa takriban miaka kumi ya utu uzima wake, hata hivyo, ni nyingine isiyosimuliwa sana: betri ya gari.

Kisa hicho kina uzito wa pekee katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, na pikipiki za aina hiyo zimeongezeka nchini. Mwenye matatu anayepandisha gari kuelekea Londiani alfajiri yenye ukungu hana budi kujiuliza iwapo betri itahimili mlima na baridi. Wateja wa Edison walikuwa na shaka iyo hiyo.

Mvumbuzi huyo alizaliwa Februari 11, 1847, katika mji wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Darasani hakukaa sana. Mamake, aliyekuwa mwalimu, ndiye aliyemfunza nyumbani. Akiwa kijana aliuza magazeti na peremende katika garimoshi baina ya Port Huron na Detroit, na masikio yake yalikuwa mazito tangu ujanani. Alifanya kazi ya telegrafu, akafungua maabara Menlo Park mwaka 1876, na mwaka uliofuata akaunda mashine ya kunasa sauti. Septemba 1882, kituo chake cha Pearl Street kilianza kusambaza umeme New York.

Kufikia mwaka 1900, zaidi ya thuluthi moja ya magari yaliyoundwa Marekani yalitumia umeme. Gari la petroli lilikuwa na kelele na moshi, na liliwashwa kwa hendeli iliyoweza kumvunja mtu mkono. La umeme lilikuwa na kasoro kubwa moja: betri ya risasi na asidi, nzito mno na inayojila yenyewe.

Edison aliamua kuachana na risasi. Baada ya majaribio maelfu alichagua nikeli, chuma na maji ya potashi, akaanzisha kampuni mwaka 1901 na kuanza kuuza betri mwaka 1903. Aliisifu kwa mbwembwe kabla haijaiva. Punde si punde ikaanza kuvuja na kupoteza nguvu, naye mwaka 1904 akasimamisha uzalishaji na kurejea maabara. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ukakamavu wake ulipojitokeza kuliko hata katika balbu, kwa sababu angeweza kuendelea kuuza kwa jina lake tu.

Betri mpya ilitoka mwaka 1909. Ilikuwa imara ajabu. Iliweza kutumika kwa miongo kadhaa. Lakini ilikuwa ghali, na wakati wa baridi nguvu zake zilishuka vibaya, kwa kuwa kemikali hufanya kazi polepole zinapopoa. Waldemar Jungner wa Uswidi, aliyeshughulikia betri za namna hiyo wakati mmoja na Edison, aliunda pia ya nikeli na kadmiamu, inayostahimili baridi vyema zaidi.

Soko nalo halikumsubiri. Mwaka 1912 Cadillac ilileta gari la petroli linalowashwa kwa mota ya umeme, na mota yenyewe ikategemea betri ile ile ya risasi. Hendeli ikawa haina kazi. Henry Ford, rafiki wa Edison, alikuwa akishusha bei ya magari yake mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1914 wawili hao walizungumzia gari la umeme la bei nafuu, ila halikufika sokoni. (Mke wa Ford mwenyewe aliendesha gari la umeme!)

Desemba 1914 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda chake cha West Orange. Januari 1916, gesi ya hidrojeni kutoka kwa betri zake ililipuka ndani ya nyambizi ya Marekani huko Brooklyn na kuua watu. Hata hivyo, migodi na reli zilizipenda betri hizo, na ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1970.

Siku hizi magari hutumia betri za lithiamu. Baridi bado hupunguza umbali yanaoweza kwenda, lakini Norwei yenye theluji iliuza magari mapya ya umeme karibu tisa kwa kila kumi mwaka 2024. Kericho ina mvua ya mawe, si theluji. Mlima hula chaji, na mteremko hurejesha sehemu yake. Kinachosumbua zaidi ni bei ya gari na mahali pa kuchajia, japo umeme wa maji si mgeni huku: hospitali ya Tenwek, Bomet, imekuwa na mtambo wake mtoni tangu 1987.

Edison aliaga dunia Oktoba 18, 1931, huko West Orange, akiwa na umri wa miaka 84 na hataza 1,093 za Marekani kwa jina lake. Wakati huo mashamba makubwa ya majani chai ya Kericho, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1920, yalikuwa bado machanga.