Pestalozzi, Mwalimu wa Watoto Maskini



Kila aliyepita katika chuo cha ualimu amelisikia jina la Johann Heinrich Pestalozzi. Wazazi wengi hawajalisikia, ingawa watoto wao hunufaika na kazi yake kila mwalimu anapowatoa darasani kwenda kuutazama mto, anapowapa udongo wafinyange, au anapowafundisha kuimba na kuchora. Masomo hayo, yaani jiografia, kuchora, kuimba, michezo na kazi za mikono, mara nyingi huhesabiwa kuwa masomo ya pembeni. Kusoma, kuandika na hesabu hupewa saa za asubuhi, watoto wakiwa bado na nguvu. Hayo mengine hupewa saa zinazobaki, na mtihani ukikaribia huachwa kabisa. Pestalozzi hakukubali mgawanyo wa namna hiyo. Kwa hiyo yafaa tuyajue maisha yake, hasa sisi tulio na watoto shuleni.

Utoto wake

Alizaliwa mjini Zürich, katika nchi ya Uswisi, tarehe 12 Januari 1746. Baba yake alikuwa tabibu, naye alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitano. Kabla ya kukata roho, baba huyo alimwomba mtumishi wa nyumbani, Barbara Schmid, asimwache mjane na watoto wake wadogo. Barbara akaahidi, naye akaitimiza ahadi yake kwa uaminifu, akisaidia kuitunza nyumba ile kwa senti chache zilizokuwapo. Hivyo Pestalozzi alilelewa na wanawake wawili waliojinyima kwa ajili yake, wala hakusahau maisha yake yote kwamba shule ya kwanza ya mtoto ni mama.

Babu yake alikuwa mchungaji wa Höngg, kijiji kilicho karibu na Zürich. Kijana alizoea kufuatana naye alipokwenda kuwatazama wagonjwa na maskini, na alipokagua shule ya kijiji. Huko aliuona umaskini wa watu wa shamba kwa macho yake mwenyewe. Alifikiri kwanza kuwa mchungaji kama babu yake, kisha akaliacha wazo hilo. Mwishowe akachagua kilimo, akiamini kwamba kwa njia hiyo angeweza kukaa na maskini na kuwainua.

Shamba la Neuhof

Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, mwanamke mwenye elimu, aliyemzidi umri kwa miaka kama minane. Wazazi wa Anna hawakuipenda ndoa hiyo, kwa maana walimwona kijana hana mali wala kazi ya kutegemewa. Wakajenga nyumba karibu na kijiji cha Birr, wakaiita Neuhof, maana yake shamba jipya. Lakini ardhi ilikuwa mbaya, na Pestalozzi hakujua kutunza hesabu. Shamba likashindwa, na madeni yakazidi.

Mwaka 1774, akiwa katika hali hiyo ya dhiki, aliwakusanya nyumbani kwake watoto maskini waliokuwa wakizurura na kuombaomba. Walilima, walisokota pamba na kufuma nguo, na huku mikono ikifanya kazi walifundishwa kusoma na kuhesabu. Alitumaini kwamba kazi ya watoto ingelipia chakula chao. Haikulipia. Wazazi wengine walikuja kuwachukua watoto wao mara tu walipokwisha kuvikwa nguo nzuri. Mwaka 1780 nyumba ile ikafungwa, na sehemu kubwa ya urithi wa mke wake ilikuwa imekwisha. Majirani walimcheka wakimwona mtu asiyeweza kuisimamia hata nyumba yake.

Tusifiche pia kwamba alikosea katika malezi ya mwanawe wa pekee, Hans Jakob, aliyezaliwa mwaka 1770. Pestalozzi alikuwa amesoma vitabu vya mwanafalsafa Rousseau, akataka kumlea mtoto kwa kufuata maandiko hayo. Aliandika kila siku maendeleo ya mtoto huyo alipokuwa na miaka mitatu na zaidi kidogo, na katika maandishi hayo yaonekana jinsi alivyomkaza mno wakati mwingine. Baadaye kijana alipatwa na kifafa, akafa mwaka 1801. Mwalimu wa watoto wa watu alijifunza kwa uchungu nyumbani kwake kwamba mtoto halelewi kwa kitabu.

Kwa miaka kumi na minane baada ya Neuhof kufungwa aliishi kwa kuandika. Kitabu chake cha hadithi, Lienhard na Gertrud, kilichoanza kutolewa mwaka 1781, kilimpatia sifa kubwa. Kinamsimulia mama wa kijijini anayewafundisha watoto wake kwa mambo ya nyumbani, huku wakifanya kazi. Watu walikisoma kama hadithi ya kufurahisha, lakini hawakumpa shule ya kufundisha.

Yatima wa Stans

Nafasi ilikuja kwa njia ya vita. Mwezi Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yaliushambulia mji wa Stans na nchi iliyouzunguka. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, na watoto wengi wakabaki bila wazazi. Serikali ikamtuma Pestalozzi kuwatunza. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Mke wake na rafiki zake waliona ni wazimu kwa mzee kuanza tena, lakini alikwenda.

Alipewa sehemu ya nyumba ya watawa ambayo ukarabati wake ulikuwa haujakwisha. Watoto walifika wakiwa na upele na chawa, wengine wamekonda, wengine hawamwamini mtu yeyote. Walipata kuwa kama themanini. Msaada wake ulikuwa mwanamke mmoja tu wa kutunza nyumba. Pestalozzi alikula nao na kulala katikati yao, akawa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Tena wao walikuwa Wakatoliki, na yeye Mprotestanti aliyetumwa na serikali ambayo watu wa mahali pale waliichukia. Hakuwa na vitabu vya kutosha, akafundisha kwa vitu vilivyokuwapo, na watoto wakubwa wakawasaidia wadogo.

Siku moja habari zilifika kwamba mji wa Altdorf umeungua. Aliwakusanya watoto akawauliza kama wangependa yatima kama ishirini wa mji ule waletwe kwao. Walipokubali kwa furaha, aliwaeleza wazi kwamba fedha ni chache, na kwamba huenda wakala chakula kidogo zaidi, wakafanya kazi zaidi, na hata kugawana nguo zao. Wakasema ni sawa, wenzao na waje. Somo hilo la wema halikufundishwa ubaoni. Watoto walilijifunza kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamepokewa.

Mwezi Juni 1799 jeshi lilichukua nyumba ile iwe hospitali ya askari, na kazi ikavunjika baada ya miezi michache tu. Pestalozzi alikuwa mgonjwa, anatema damu. Alipopata nafuu kidogo, aliomba apewe shule nyingine.

Dirisha la Burgdorf

Alikwenda katika mji wa Burgdorf. Kwanza alipewa nafasi katika shule ya watoto maskini iliyoendeshwa na fundi viatu. Shule za siku zile zilikuwa za kukariri: mtoto alishika katekisimo na zaburi kwa moyo, aelewe asielewe. Pestalozzi aliviweka vitabu kando, akawafanya watoto watazame, waseme, wahesabu vitu na kuchora katika vibao. Wazazi walinung'unika, wakidhani anaidharau dini. Hakuidharau. Aliona kwamba maneno yasiyo na maana moyoni mwa mtoto hayamleti kwa Mungu.

Baadaye alipewa ngome ya Burgdorf, akafungua shule yake pamoja na walimu vijana waliokuja kujiunga naye. Huko walitumia picha za kuchorwa ili watoto wataje sehemu za kila kitu. Walipoonyeshwa picha ya ngazi, mtoto mmoja aliuliza kwa nini wasiitazame ngazi yenyewe iliyokuwa uani. Mwalimu hakumjali. Siku nyingine ilipoletwa picha ya dirisha, mtoto akasema tena kwamba dirisha lenyewe lipo pale ukutani. Habari ilipomfikia Pestalozzi, alisema mtoto ana haki, na zile picha zikaondolewa. Mzee mwenye sifa alikubali kufundishwa kazi yake na mtoto mdogo. Mwaka 1801 alitoa kitabu kiitwacho Jinsi Gertrud Anavyowafundisha Watoto Wake, na walimu wa nchi nyingine wakaanza kuja kujionea.

Bonde la Yverdon

Shule ilihamia katika ngome ya Yverdon, kando ya ziwa Neuchâtel, ikadumu huko tangu 1805 hadi 1825. Mwaka 1809 wanafunzi walikuwa zaidi ya 150, kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Hapo ndipo ilipoonekana wazi maana ya yale tunayoyaita masomo ya pembeni.

Jiografia haikuanza kwa ramani. Mwalimu aliwachukua watoto hadi bonde jembamba linalopitiwa na mto Buron. Walilitazama lote, kisha sehemu moja moja, mpaka kila mmoja akawa na picha yake kichwani. Halafu walichimba udongo wa mfinyanzi ubavuni mwa bonde, wakaubeba katika vikapu. Waliporudi ngomeni waliketi kwenye meza ndefu, kila mtoto akafinyanga sehemu yake ya bonde lile. Siku zilizofuata walikwenda mbali zaidi na kupanda juu zaidi, wakaongeza walichokiona, mpaka nchi yote ya kandokando ya Yverdon ikawa mezani. Ndipo walipoonyeshwa ramani, na kila mstari wake ukawa na maana kwao.

Kijana mmoja Mjerumani, Carl Ritter, alifika Yverdon kwa mara ya kwanza mwaka 1807. Baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wakuu wa elimu ya jiografia ya siku zetu. Alikiri kwamba Pestalozzi hakuijua jiografia kuliko mtoto wa shule, lakini kwamba yeye alijifunza kwake jinsi ya kuifundisha kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Masomo mengine yalifuata njia hiyohiyo. Katika kuchora walianza na mistari na maumbo, jicho na mkono vikizoezwa pamoja. Waliimba darasani na njiani, na mwaka 1810 wanamuziki wawili, Pfeiffer na Nägeli, walitoa kitabu cha kufundisha kuimba kwa kuufuata utaratibu wa Pestalozzi. Walifanya mazoezi ya viungo, waliogelea, walipanda milima na kutunza bustani. Hayo hayakuwa mapumziko ya kuwaondolea watoto uchovu wa hesabu. Kwa Pestalozzi mtoto ana kichwa, moyo na mkono, na shule inayolisha kichwa peke yake inamlea mtu pungufu.

Miongoni mwa waliokuja kujifunza alikuwamo Friedrich Froebel, mwanzilishi wa shule za chekechea, aliyekaa huko tangu 1808 hadi 1810. Kasisi mmoja wa Kanisa letu la Anglikana, Charles Mayo, alikaa Yverdon tangu 1819 hadi 1822. Aliporudi Uingereza, yeye na dada yake Elizabeth walieneza mafundisho hayo, na mwaka 1836 chama kikaanzishwa kwa ajili ya shule za watoto wadogo na mafunzo ya walimu wao, nyumbani na katika makoloni. Lakini hata jambo jema huharibika likifuatwa bila akili. Katika shule nyingi za Uingereza mwalimu alishika kipande cha kioo, na watoto wakakariri kwamba kioo ni kigumu, king'aavu na chepesi kuvunjika, kama walivyokariri katekisimo zamani. Kitu kilikuwapo mbele yao, lakini macho yalikuwa yamelala.

Mwisho wake

Siku za mwisho hazikuwa za raha. Anna alifariki mwaka 1815. Walimu wakubwa wa Yverdon waligombana kwa miaka mingi, na mzee hakuweza kuwapatanisha. Mwaka 1825 shule ikafungwa. Akarudi Neuhof, mahali pa kushindwa kwake kwa kwanza, akaendelea kuandika. Alifariki mjini Brugg tarehe 17 Februari 1827, akiwa na miaka themanini na mmoja, akazikwa Birr karibu na shule ya kijiji. Mwaka 1846 watu wa jimbo lile walimjengea kumbukumbu katika ukuta wa shule hiyo, wakaandika kwamba yote aliyatenda kwa ajili ya wengine, wala si kwa ajili yake mwenyewe.

Basi tujifunze nini? Neuhof, Stans, Burgdorf na Yverdon zote zilifungwa, moja baada ya nyingine, lakini mbegu haikufa. Bwana wetu naye alifundisha kwa vitu ambavyo watu waliviona: mpanzi shambani, chachu katika unga, ndege na maua. Nasi hatukosi vitu vya namna hiyo. Kila kijiji kina kilima au kijito, na hakikosi mfinyanzi, fundi, au mzee anayekumbuka mambo ya kale. Hayo hayahitaji fedha. Yanahitaji mwalimu aliye tayari kutoka nje na watoto, na wazazi wasiolalamika kwamba siku ile madaftari yamerudi nyumbani bila maandishi.

Tukiulizwa mtoto amejifunza nini leo, tusitazame alama tu. Tumwombe atuonyeshe alichokiona, alichokitengeneza, na aliyemsaidia. Mungu awape nguvu walimu wetu, na awape watoto wetu macho ya kuona kazi ya mikono yake.