Kingsford Smith na Dhima ya Msafiri

Husemwa kwamba ajali haina kinga, na kwa hakika hakuna mwanadamu awezaye kuuzuia upepo usivume wala chuma kisivunjike. Lakini aghalabu kauli hiyo hutumiwa kufunika jambo jingine. Injini ikizimika angani huenda ikawa ni ajali. Kukosa maji ya kunywa baada ya injini kuzimika si ajali, ni taksiri. Leo tumeonelea kueleza katika safu hii maisha ya rubani Charles Kingsford Smith wa Australia, ambaye sifa zake zilivuma dunia nzima katika zama zake, kwa sababu maisha hayo yanaonyesha tofauti baina ya mambo hayo mawili.

Kingsford Smith alizaliwa Brisbane tarehe 9 Februari, 1897. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mwanzoni mwa mwaka 1907, alichukuliwa na mawimbi katika pwani ya Bondi, mjini Sydney. Waokoaji wa pwani ile walimfuata wakamtoa majini akiwa hajitambui, na akazinduliwa ufukweni. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Mtoto yule alipona kwa kuwa palikuwapo watu waliojizoeza kazi ya kuokoa kabla hajahitaji kuokolewa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alijiunga na jeshi mwaka 1915 na kufika Gallipoli, nchini Uturuki. Baadaye alihamia kikosi cha ndege cha Uingereza. Mwaka 1917 alijeruhiwa vibaya vitani, sehemu ya mguu wake wa kushoto ikakatwa, naye akatunukiwa nishani ya Military Cross. Baada ya vita aliajiriwa na shirika la ndege la Australia Magharibi, lililoanza kuchukua barua na abiria mwaka 1921 katika pwani ndefu yenye watu wachache. Huko ndiko alikofahamiana na rubani mwenziwe, Keith Anderson. Wawili hao walishirikiana katika biashara ya malori, wakaiuza, na kwa fedha walizopata wakanunua ndege mbili. Nia yao ilikuwa moja: kuivuka Bahari ya Pasifiki kwa ndege.

Katika safari ya kwenda Marekani kutayarisha jambo hilo alikuwamo pia Charles Ulm, mtu mwenye akili ya kupanga shughuli. Fedha zilipopungua, Anderson alirejea nyumbani. Waliobaki walipata msaada wa tajiri mmoja wa California, na tarehe 31 Mei, 1928 ndege yao yenye injini tatu, Southern Cross, iliruka kutoka Oakland. Ndani yake walikuwamo Kingsford Smith, Ulm, na Wamarekani wawili: Harry Lyon aliyeshika kazi ya kuongoza njia, na James Warner wa simu ya upepo. Walitua Hawaii, kisha wakaruka saa zaidi ya 34 juu ya maji matupu hadi Suva, katika visiwa vya Fiji, ambako hapakuwa na kiwanja cha ndege bali uwanja wa michezo. Tarehe 9 Juni waliwasili Brisbane. Hakuna aliyewahi kuivuka bahari hiyo kwa ndege kutoka Marekani hadi Australia kabla yao.

Anderson hakuwamo katika fahari hiyo. Alipeleka madai mahakamani akitaka haki yake ya ushirika, wala hakushinda. Hata hivyo Kingsford Smith alimpa paundi 1,000, naye Anderson akazitumia kununua ndege ndogo yenye injini moja, aliyoiita Kookaburra, jina la ndege mmoja wa porini wa nchi ile.

Sasa tufike mwaka 1929. Kingsford Smith na Ulm walikuwa wameunda shirika lao la ndege, na mwishoni mwa mwezi Machi walitoka karibu na Sydney kuelekea Uingereza, kituo chao cha kwanza kikiwa Wyndham, kaskazini-magharibi ya Australia. Mara tu baada ya kuruka, waya mrefu wa kupokelea habari za simu ya upepo ulikatika. Waliweza kupeleka habari wakiwa angani, lakini hawakuweza kupokea. Kwa hivyo haikuwafikia habari kwamba hali ya hewa ya Wyndham ilikuwa mbaya. Hawakurudi kuitengeneza kasoro hiyo. Usiku waliingia katika dhoruba, wakapotea njia, na petroli ilipokaribia kwisha walitua katika matope karibu na mdomo wa Mto Glenelg, katika jimbo la Kimberley, nchi ya mikoko, joto na mbu.

Ndege haikuvunjika wala mtu hakujeruhiwa. Lakini ilipofunguliwa mizigo, chakula cha dharura hakikuonekana. Kulikuwamo kahawa, brandi kidogo na chakula cha watoto wachanga. Watu wanne walikula konokono wa matopeni kwa muda wa karibu wiki mbili, na mitambo yao ya simu ya upepo haikuweza kufanya kazi ndege ikiwa chini.

Nchi nzima ilitaharuki. Kamati ya wananchi mjini Sydney ilichanga fedha na kupeleka ndege kubwa iliyoitwa Canberra, ikiongozwa na rubani Les Holden. Anderson naye aliazimia kwenda kumtafuta rafiki yake, ingawa walikuwa wameshtakiana. Mwenye hoteli mmoja wa Sydney alimsaidia kwa fedha. Tarehe 7 Aprili aliondoka kwa Kookaburra pamoja na fundi wake, Henry Hitchcock, ambaye kwa jina la mazoea aliitwa Bobby, mtu aliyekuwa bado anauguza mguu.

Hapa ndipo ushujaa na uzembe vilipopanda ndege moja. Kookaburra haikuwa na simu ya upepo. Dira yake haikuaminika. Maji yaliyochukuliwa yalikuwa lita chache tu, na chakula kilikuwa cha safari ya mchana mmoja. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili waliruka kutoka Alice Springs, mji ulio katikati ya bara lile. Kwa muda waliifuata njia ya waya wa simu, kisha wakaiacha na kukata jangwa la Tanami kwa mstari ulionyooka. Mchana huo kipande kidogo cha injini kililegea, na injini ikapungua nguvu. Anderson alitua salama jangwani, na hitilafu ile ikatengenezwa.

Kilichowaua hakikuwa kuanguka. Mahali pale palijaa vichaka, na ndege haikuweza kupata mbio za kuruka. Walijaribu kufyeka vichaka hivyo kwa mikono na kuvichoma moto, katika joto kali, huku maji yakiisha. Anderson aliandika habari za siku zile juu ya kitambaa cha usukani wa mkia wa ndege, na maandishi yakakoma tarehe 12 Aprili. Siku hiyo hiyo, mamia ya maili kutoka hapo, ndege ya Canberra iliiona Southern Cross na kuwadondoshea watu wake chakula. Aliyetafutwa alipatikana siku ambayo mtafutaji aliweka kalamu chini.

Kookaburra ilionekana kutoka angani tarehe 21 Aprili na rubani Lester Brain wa shirika la Qantas, baada ya kuufuata moshi uliokuwa ukipanda jangwani. Maiti moja ilikuwa chini ya ubawa. Afisa wa jeshi la anga, Charles Eaton, aliongoza msafara wa farasi kutoka Wave Hill, pamoja na wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao bila ya wao mgeni asingejua pa kupita wala pa kupata maji. Walifika tarehe 29 Aprili na kuwazika marehemu papo hapo. Umma haukuridhika waachwe jangwani, na msafara wa pili ulikwenda kuichukua miili yao. Anderson alizikwa Sydney mwezi Julai mbele ya maelfu ya watu, na Hitchcock akazikwa Perth mwezi Agosti. Mabaki ya Kookaburra yaliachwa mchangani mpaka mwaka 1978, yalipopatikana na kupelekwa Alice Springs.

Aliyekuwa kipenzi cha taifa sasa alinong'onwa vibarazani. Ilidaiwa kwamba yeye na Ulm walijipoteza kwa makusudi ili kujitafutia jina. Serikali ya Australia iliunda kamati ya uchunguzi, ambayo ilisikiliza mashahidi hadharani na kuwasafisha wote wawili na tuhuma hiyo. Lakini kamati haikuwaacha bila ya lawama, kwani akiba ya chakula cha dharura haikukaguliwa kabla ya safari. Kwa maoni yetu, kamati ile ilifanya kazi iliyostahili. Haikuubeba uvumi wa barazani, wala haikuogopa jina kubwa la mtu.

Je, somo lilishikwa? Nusu lilishikwa, na nusu halikushikwa. Shirika lao lilianza kuchukua abiria tarehe 1 Januari, 1930. Tarehe 21 Machi, 1931 ndege yao moja, Southern Cloud, iliondoka Sydney kwenda Melbourne na watu wanane. Baada ya kuondoka ilikuja habari ya dhoruba kali katika njia yake, lakini ndege haikuwa na simu ya upepo ya kuipokea. Ilipotea na wote waliokuwamo. Mabaki yake yalionekana milimani mwaka 1958, baada ya miaka 27. Shirika lilifungwa mwaka ule ule wa 1931. Ulm naye alipotea karibu na Hawaii mwezi Desemba, 1934, katika ndege ambayo haikuchukua hata mashua ya mpira ya kujiokolea.

Lakini ipo siku moja ambayo utaratibu ulionyesha thamani yake. Tarehe 15 Mei, 1935 Kingsford Smith, ambaye tangu mwaka 1932 alikuwa amepewa cheo cha Sir, aliruka na Southern Cross kupeleka barua New Zealand. Katikati ya bahari injini moja iliharibika, na nyingine ikaanza kuishiwa mafuta ya kulainisha. Mwenziwe, P. G. Taylor, alitoka nje ya ndege katika upepo mkali, akakanyaga vyuma vinavyoshikilia injini, akateka mafuta kutoka injini mbovu na kuyahamishia katika ile nzima, mara baada ya mara. Wakati wote huo simu ya upepo iliarifu Sydney hali yao saa kwa saa, na nchi kavu ilijua wako wapi. Barua zilitupwa baharini, watu wakarudi salama.

Miezi sita baadaye alikuwa akijaribu kuvunja rekodi ya safari kutoka Uingereza hadi Australia, katika ndege nyingine, Lady Southern Cross, pamoja na Tommy Pethybridge. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Novemba, 1935 ndege hiyo ilipotea katika bahari ya kusini mwa Burma. Alikuwa na miaka 38. Mwezi Mei, 1937 wavuvi wa Burma waliokota karibu na Kisiwa cha Aye mguu wa ndege ukiwa bado na gurudumu lake, nao ukathibitishwa kuwa ni wa ndege ile. Hivyo mtu aliyetolewa majini akiwa mtoto alirudi majini asionekane tena, na habari ya mwisho juu yake ililetwa na wavuvi.

Hatuyaelezi haya ili kumpunguzia marehemu heshima yake. Alikuwa rubani hodari, na njia alizozifungua zilikuja kupitwa na mamilioni ya wasafiri. Tunayaeleza kwa sababu ushujaa ni mali ya mwenyewe, lakini gharama ya kupotea kwake huangukia watu wengine. Anderson na Hitchcock hawakufa kwa safari yao wenyewe. Walikufa kwa safari ya mtu mwingine, na kwa sababu hakuna aliyesimama mbele ya ndege yao akauliza habari ya maji, dira na simu ya upepo kabla haijaruka.

Sisi watu wa visiwani tunaishi kwa kuvuka. Harusi zetu, maziko yetu, matibabu na riziki zetu hutegemea chombo kutoka na kurudi. Kwa hivyo nahodha anayeng'oa nanga na rubani anayewasha injini, kila mmoja akumbuke kwamba pipa la maji, dira nzima na chombo cha kupelekea habari si mzigo wa ziada, bali ni haki ya wale watakaotoka kumtafuta. Naye afisa ambaye sahihi yake ndiyo ruhusa ya chombo kuondoka, aijue dhima yake. Kukagua baada ya msiba ni kazi ya kamati. Kukagua kabla ya safari ni kazi yake yeye, ifanywe kila siku na kila chombo, hata kama nahodha ni mtu maarufu na abiria wana haraka.